Nyumba Isiyopikiwa

Kutoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, Kisesa si mbali: ni kama kilomita 20, na ukishuka kituoni kijana wa bodaboda ameshajua unakokwenda kabla hujafungua mdomo. Mgeni asiye na ndugu Kisesa ni wa Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma.

Wengi wakitoka huko husimulia mambo mawili. La kwanza ni kanisa la duara lililojengwa mwaka 1958 na Padre David Clement, mmisionari kutoka Québec aliyeona kwamba Msukuma anaweza kusali ndani ya nyumba inayofanana na ya babu yake. La pili ni jengo la ngoma za watemi, lenye umbo la kigoda cha mtemi. Serikali ilipofuta uchifu mwaka 1963, vitu vya utemi vilibaki havina kazi wala mlinzi, na makumbusho haya yakawa kimbilio. Ngoma zile hadi leo hupigwa siku za sherehe; hazijageuzwa mapambo.

Mimi hunishika zaidi msonge, ile nyumba ya nyasi ambayo mtembezaji huipitia haraka akiwahi kwenye ngoma.

Msimamishe kidogo, uingie, uinue macho. Ufundi wa paa la nyasi husomwa kwa ndani. Fito zimezungushwa duara juu ya duara, kila duara dogo kuliko la chini yake, hadi boriti zote zinapokutana kileleni. Kila fito inapokatiza boriti pana fundo la kamba. Hakuna msumari. Fundo likilegea, duara zima linacheza, na paa lote linaanza kukaa upande. Ndiyo maana fundi mzuri hurudi nyuma kuvuta kamba alizofunga jana kabla hajaongeza za leo. Mchana wa jua kali ndio wa kumkagulia kazi: ukiona vitobo vya mwanga, mvua nayo imeshapaona pa kupita.

Nyasi zenyewe huanzia chini, ukingoni, zikipanda kwenda juu, kila safu ikifunika kamba za safu iliyotangulia, kama magamba ya sato. Kamba isiyofunikwa hulowa, na kamba iliyolowa ndiyo ya kwanza kuoza. Mteremko lazima uwe mkali. Paa likilala, maji hayaondoki, yanaketi na kuozesha. Hayo yote hayapimwi kwa futi kamba. Fundi huketi juu ya fito, fungu amelibana kwa goti, mkono mmoja ukisukuma kamba na mwingine ukiipokea upande wa pili, na jicho lake ndilo kipimo.

Nyumba ya makumbusho ina taabu moja ambayo nyumba ya mtu haina: haipikiwi. Kwenye nyumba ya kuishi, moshi wa mafiga hupanda kila siku, ukapaka fito masizi meusi yanayong'aa, na wadudu hawapapendi. Nyumba ya maonyesho inafagiwa vizuri, inafungwa kwa kufuli jioni, na mchwa wanaingia bila kupiga hodi. Kwa hiyo huchakaa upesi kuliko ile iliyojaa watoto na sufuria. Anayeitunza anapambana na usafi wake mwenyewe.

Wageni huuliza nyumba hii ina miaka mingapi. Ni swali la watu wa mbao na matofali. Marekani, mwaka 1853, Ann Pamela Cunningham alianzisha chama cha wanawake wa kujitolea ili kuiokoa Mount Vernon, nyumba ya George Washington iliyokuwa inaporomoka. Chama hicho bado kinaimiliki. Wao wanaweza kugusa ubao ukawa ni ule ule uliopigiliwa zamani, tena na mikono ya watumwa, jambo ambalo mgeni hakuambiwa wazi kwa muda mrefu. Msonge hauna cha namna hiyo. Nyasi ni za juzi, udongo umekandikwa upya, fito zimebadilishwa. Kilicho cha kale ni mpango wa kazi, nao haukai mahali pengine isipokuwa mikononi.

Waganda wanalijua hili kwa uchungu. Machi 2010 moto uliteketeza nyumba kuu ya makaburi ya wafalme wao huko Kasubi, Kampala, paa kubwa la nyasi likaisha lote. Lakini kwa Waganda kuezeka nyumba ile ni kazi ya ukoo wa Ngeye, wanaorithishana, na watu walikuwapo. Nyumba ikajengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Usukumani ufundi wa kuezeka umekuwa wa watu wote zaidi, na huenda hapo ndipo ulipo udhaifu: cha wote hakina wa kuulizwa. Bati limeingia kila kijiji, na simlaumu mtu, maana bati halihitaji kuezuliwa kila baada ya misimu michache. Nyasi nazo ni za kutafuta. Nyasi ndefu za kuezekea hupatikana kwenye ngitili, maeneo yanayofungwa mifugo isiingie wakati wa mvua ili yabaki na malisho kiangazi. Ngitili nyingi zilikuwa zimeliwa zikaisha, hadi mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, ulipoanza Shinyanga mwaka 1986 na wenyeji wakazifunga tena. Aliyeacha ng'ombe wake nje ya uzio miezi ile yote naye ameezeka, ingawa hakupanda juu ya fito hata mara moja.

Wenyeji hufurika Bujora mwezi Juni, kwenye sherehe ya Bulabo, vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vinaposhindana kucheza na kila upande kuvuta watazamaji. Nenda, utafurahi. Ila kama shida yako ni paa, siku hiyo mtembezaji hatakuwa na nafasi nawe. Ngoja Agosti au Septemba, nyasi zimekauka na mvua haijakaribia, kisha uliza kama kuna nyumba inayoezuliwa jirani.