Kitendawili si Dikte

Siku moja tuliingia katika kalasi ya kwanza ya primeri hapa Lubumbashi, saa ya somo la maneno. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni: kiti, meza, sahani, kisu. Watoto walirudia pamoja, mara tano, mara kumi. Kisha akaonyesha picha ya majani ya muhogo akauliza: «Hii ni nini?» Mutoto mumoja akasimama na furaha: «Ni sombe!» Mwalimu akamujibu: «Hapana, ni kisamvu.» Mutoto akakaa. Mpaka kengele ilipolia hakufungua tena kinywa.

Hatuandiki haya kwa kumulaumu mwalimu yule. Kitabu chake njo kilimuambia vile. Lakini tunaona makosa mawili. La kwanza: neno la nyumbani lilifanywa kosa, kumbe sombe ni Kiswahili chetu cha Congo, na kisamvu ni neno la ndugu zetu wa Tanzania. Mutoto angeweza kupata yote mawili. Siku ile alipoteza hata lile moja alilokuja nalo. La pili: alipewa maneno bila kuwa na haja nayo. Neno lisilo na haja halikai kichwani.

Wazee wetu walijua kuamusha haja hiyo. Mangaribi, kisha kula bukari, mutu anasema: «Kitendawili!» Watoto wanajibu: «Tega!» «Nyumba yangu haina mulango.» Basi wanaanza kutafuta. Kaburi? Ngoma? Kibuyu? Chupa? Hapana, chupa ina mudomo, na mudomo njo mulango wake! Mwisho mumoja anapiga kelele: yai! Tuangalie vizuri: jibu ni moja, lakini maneno yaliyotoka ni matano, na kila moja mutoto amelitafuta yeye mwenyewe na kulipima mbele ya wenzake. Kukosea hakuleti sifuri. Kukosea ni sehemu ya mchezo. Wakishindwa wote, mwenye kutega anadai muji. Wanamupa Kindu, anakataa. Wanamupa Kalemie, anakubali, halafu anatoa jibu. Somo la jografia limeingia bila kubisha hodi.

Siku hizi kuna masomo yanayorudisha vitendawili katika kalasi, na tunafurahi. Hata sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inataka lugha za taifa na lugha za mahali zitumiwe kwa kufundishia. Lakini tumeona pia namna vinavyorudishwa: mwalimu anaandika kitendawili ubaoni, na jibu lake chini yake. Watoto wananakili katika kaye. Siku ya Ijumaa, intero. Hiyo ni dikte iliyovaa nguo za kitendawili. Kitendawili chenye jibu chini yake kimekwisha kufa, maana utamu wote ulikuwa katika kutafuta.

Tusiwasifu wazee kupita kiasi pia. Kwenye moto, pengine wakubwa njo walijibu, wadogo wakasikiliza tu. Mwalimu anaweza kuwapa wadogo nafasi ya kwanza. Tena, vitendawili vingine vinaomba kitu ambacho mutoto wa muji hajakiona. «Kuku wangu ametaga miibani»: jibu ni nanasi. Mutoto wetu analiona sokoni, lakini hajaona vile linaota katikati ya majani yenye miiba. Mwalimu aonyeshe kwanza mumea wake, hata kwa picha, bila kutaja kitendawili. Kesho yake atege.

Na pale vya zamani visipofaa, tutunge vipya. Kwa mufano: «Anakula vyeusi, anatapika vyeupe.» Ni mbabula, na ndani yake mutoto anapata makala na majivu, vitu anavyoviona nyumbani kila siku. Wiki inayofuata, watoto wenyewe watege na mwalimu ajibu. Mutoto anayetunga kitendawili anapaswa kuchagua maneno yake moja kwa moja. Hakuna zoezi la kaye linalofika hapo.

Wazazi na walimu, hatuombi feza wala vitabu vipya. Tunaomba dakika kumi, na sikio la kupokea neno la mutoto mbele ya kumuongezea lingine. Aliyesema «sombe» alikuwa amejibu vizuri. Ilibaki kumuambia: «Ndiyo! Na kule Tanzania, unajua wanaiitaje?» Hapo angetafuta.