Kulinganisha, Kuhakiki na Kurekebisha: Uhakiki wa Lugha ya Matengenezo ya Mashine za Ultrasaundi

Utangulizi

Mjadala wa istilahi za Kiswahili umeendeshwa kwa muda mrefu kana kwamba jambo kubwa ni kulipata neno, na kwamba neno likipatikana kazi imekwisha. Kamati huketi na orodha hutolewa, mkono wa kushoto neno la kigeni, mkono wa kulia neno la Kiswahili. Jambo ambalo orodha za namna hiyo hazilionyeshi ni uhusiano wa neno na neno ndani ya Kiswahili chenyewe. Yaani, ni kazi gani ifanywayo na neno hili ambayo jirani yake haliwezi kuifanya. Makala haya yanakusudia kulichunguza tatizo hilo katika uwanja mmoja ulio finyu lakini wenye uzito: lugha inayotumiwa kuzungumzia utunzaji wa mashine za ultrasaundi hospitalini pamoja na upimaji wa usahihi wake. Hoja inayotolewa ni kwamba udhaifu wa lugha hiyo hautokani na upungufu wa maneno. Unatokana na kulitumia neno moja, kurekebisha, mahali panapohitaji maneno matatu. Na kosa hilo si la mtindo tu, kwa kuwa linaweza kumwelekeza mtumishi wa hospitali kutenda jambo lisilopasa kutendwa.

Picha na mwangwi

Yafaa kwanza kueleza namna mashine yenyewe inavyofanya kazi, maana usemi wa kila siku una tabia ya kuificha. Watu husema kwamba mama mjamzito amepigwa picha, kama wanavyosema juu ya mtu aliyepigwa eksirei. Usemi huo si kosa, kwani kinachoonekana kwenye kioo ni picha. Hata hivyo, picha hiyo haikutokana na mwanga, bali imetokana na mwangwi. Sauti inayotumika ni ile ambayo sikio la binadamu haliisikii, yaani yenye mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde. Mashine za hospitali kwa kawaida hutumia mitetemo kati ya milioni 2 na milioni 15 hivi. Sauti hutolewa na kifaa cha mkononi kinachogusishwa mwili, ambacho hapa kitaitwa probu. Ndani ya probu mna safu ya vipande vidogo vya kauri vinavyotetema vikipitishiwa umeme, na vinavyotoa umeme vikitetemeshwa. Sifa hiyo ya pili, ya kutoa umeme, iligunduliwa na Pierre Curie na ndugu yake Jacques katika fuwele mwaka 1880.

Sauti hupenya mwilini, ikakutana na mpaka wa kiungo, na sehemu yake ikarudi. Mashine huhesabu muda uliopita tangu sauti itoke hadi mwangwi urudi, kisha huugeuza muda huo kuwa umbali kwa kuchukulia kwamba ndani ya nyama laini za mwili sauti husafiri mita 1,540 kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo, mwangwi unaorudi baada ya sehemu 13 za milioni ya sekunde umetoka katika kina cha sentimita 1. Baharia atupaye bildi ili ajue kina cha maji hufanya kazi ya ukoo huo huo, ila yeye hupima kwa kamba, na mashine hupima kwa muda.

Tofauti baina ya picha na mwangwi ina maana kubwa kwa anayeitunza mashine. Mwenye kuamini kwamba mbele yake pana picha tu ataridhika ikiwa inang'aa. Ajuaye kwamba mbele yake pana hesabu iliyochorwa atauliza kama hesabu ni sahihi. Kwa hiyo neno mwangwi, ambalo Kiswahili kinalo tangu zamani, lastahili kupewa nafasi katika mafunzo, hata kama neno picha litaendelea kutumiwa na umma.

Mzigo wa neno kipimo

Ugumu wa pili umo katika mzizi pima. Mgonjwa hupimwa, mashine hupima, na mashine yenyewe nayo hupimwa. Nomino kipimo hubeba maana nne kwa uchache: kifaa cha kupimia, tendo la kupima, jibu lililopatikana, na kizio kama vile sentimita. Muuguzi akiandika katika daftari kwamba "kipimo hakikuwa sawa", msomaji hawezi kujua kama mashine iliharibika, kama kazi ilifanywa vibaya, au kama mgonjwa ameonekana kuwa na maradhi. Katika mazungumzo ya ana kwa ana utata huo huondolewa na muktadha. Katika daftari la matengenezo, ambalo husomwa miezi mingi baadaye na mtu mwingine, hakuna wa kuuondoa.

Matendo matatu

Wataalamu wa elimu ya vipimo ulimwenguni wameutenga vizuri uwanja huu. Msamiati wa Kimataifa wa Elimu ya Vipimo, katika toleo lake la tatu la mwaka 2008, hutofautisha matendo matatu. La kwanza ni kuweka kile kinachoonyeshwa na chombo kando ya kile kinachojulikana kwa yakini kutokana na kiwango, ili uhusiano wa viwili hivyo ujulikane. La pili ni kuthibitisha kwamba chombo kinatimiza masharti yaliyowekwa. La tatu ni kukigusa chombo chenyewe ili kitoe jibu linalotakiwa. Msamiati huo unaonya waziwazi kwamba tendo la kwanza lisichanganywe na la tatu, wala na la pili.

Katika Kiswahili kinachosikika, matendo yote matatu huangukia kwa urahisi mno katika neno kurekebisha, na pengine kusawazisha. Sentensi kama "mashine irekebishwe kila mwaka", iliyotungwa hapa kwa mfano, husikika vyema masikioni. Lakini inaamuru nini? Kurekebisha ni kukiweka sawa kilichokwenda kombo. Kwa hiyo sentensi hiyo imekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa: inachukulia kwamba mashine ina kosa, na kwamba fundi atalitoa kwa mkono wake.

Kiswahili hakikosi njia ya kuyatenga matendo haya. Tendo la kwanza ni kulinganisha, na kitu kinacholinganishiwa ni kigezo. Neno kigezo leo limezoeleka zaidi katika maana ya sharti la kuamulia jambo, lakini maana yake ya tangu zamani ni kitu cha kupimia au cha kuigiza, nalo hutokana na kitenzi kugeza. Tendo la pili ni kuhakiki, yaani kuutafuta ukweli wa jambo. Tendo la tatu ndilo kurekebisha. Wasomi wa fasihi hawana haja ya kufundishwa tofauti hii, kwa kuwa wanaiishi. Mhakiki wa riwaya huipima kwa vigezo na kutoa uamuzi. Hachukui kalamu akaiandika upya riwaya ya mwenzake.

Ushahidi wa bakuli la maji

Mfano mmoja watosha kuonyesha kwamba utengano huu si wa vitabuni tu. Tuseme nyuzi mbili zimefungwa ndani ya chombo cha maji yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi, moja chini ya nyingine, na umbali baina yao ni milimita 100 kamili. Probu ikielekezwa kwao kutoka juu, mashine nzima isiyo na kasoro yoyote itaonyesha umbali wa karibu milimita 104. Sababu ni kwamba sauti husafiri kiasi cha mita 1,482 kwa sekunde katika maji ya joto hilo, na mashine imeendelea kuhesabu kwa mita 1,540. Mashine haikukosea; kigezo ndicho kisichofanana na mwili.

Fundi aliyefunzwa kwamba kazi yake ni kurekebisha ataiona tofauti hiyo ya milimita 4 kuwa ni ugonjwa wa mashine. Aliyefunzwa kwamba kazi yake ni kulinganisha ataanza kwa kukihoji kigezo: kimetengenezwa kwa kitu gani, kina joto gani, na sauti hupita ndani yake kwa kasi gani? Ndiyo sababu hospitali zenye uwezo hutumia mwili wa mfano, yaani kisanduku kilichojazwa mata inayofanana na nyama kwa jinsi inavyopitisha sauti, na ndani yake nyuzi nyembamba zilizopangwa kwa umbali unaojulikana. Kisanduku hicho nacho hakiaminiwi milele, kwa kuwa chenye mata ya majimaji huweza kukauka kadiri miaka inavyopita.

Uzito wa jambo hili huonekana katika umri wa mimba. Katikati ya ujauzito, upana wa kichwa cha mtoto huongezeka kama milimita 3 kwa wiki. Kosa la milimita 3 ni kosa la wiki moja. Wiki moja yaweza kuamua kama mtoto ahesabiwe kuwa amekua ipasavyo au amedumaa, na kama mama aanzishiwe uchungu au angojewe.

Neno linapoficha kasoro

Ipo hatari nyingine iliyo karibu zaidi na kazi ya kila siku. Katika mashine za siku hizi muda huhesabiwa kwa saa ya fuwele, nayo hupotoka kwa nadra. Sehemu inayoharibika mara kwa mara ni probu: huanguka sakafuni, waya wake hukanyagwa na magurudumu, uso wake hupasuka, na vipande vya ndani hufa kimoja kimoja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 kutoka Sweden ulijaribu probu 676 zilizokuwa zikitumika katika hospitali 32, na karibu asilimia 40 zilionekana kuwa na kasoro. Hizo zilikuwa probu zilizokuwa kazini, zikitoa picha ambazo watu walizitegemea.

Vipande vichache vikifa, picha hufifia taratibu. Mtumishi anayeiona ikififia hufanya lile ambalo neno limemfundisha: huirekebisha. Huongeza nguvu ya kukuza mwangwi, kioo kikang'aa, na kazi ikaendelea. Kwa hakika hakuna kilichorekebishwa. Kasoro imefunikwa, na dalili yake ya pekee imefutwa. Kulinganisha kungemtaka atende kinyume: aiweke mashine katika hali ile ile iliyoandikwa siku ilipopokewa, aangalie sauti inafika kina gani ndani ya kigezo, kisha aandike tofauti pasipo kugusa kitu. Hata mahali pasipo na kisanduku cha mfano, probu iliyosafishwa na kuwashwa hewani bila kupakwa jeli huonyesha mistari ya mwangwi iliyolala sambamba na uso wake. Ufa wa giza unaoshuka katikati ya mistari hiyo ni dalili ya vipande vilivyokufa. Jaribio hilo halirekebishi lolote, nalo ni miongoni mwa majaribio yenye faida kubwa.

Neno sevisi, lililotoka katika gereji za magari, lina dosari inayofanana na hiyo. Katika gereji, sevisi humaanisha kubadilisha: mafuta, chujio, plagi. Mashine ya ultrasaundi haidai mabadiliko mengi. Hudai kutunzwa kila siku na anayeitumia, kukaguliwa kwa wakati na fundi, na kutengenezwa pale tu inapobidi. Kufuta jeli, kuondoa vumbi katika vichujio vya hewa na kuning'iniza waya vizuri ni kutunza. Kupima kama umeme unavuja ni kukagua. Kubadilisha probu ni kutengeneza. Vivyo hivyo, kusafisha si kuua viini, na dawa inayoua viini vizuri yaweza kuuharibu uso wa probu ikiwa mtengenezaji hakuiruhusu.

Mapingamizi mawili

Yaweza kusemwa kwamba njia rahisi ni kukopa, na kuandika kalibresheni. Kukopa si aibu, na Kiswahili kimekopa betri na spana bila kudhurika. Lakini betri ni kitu, na kitu chaweza kuonyeshwa kwa kidole. Jina la tendo haliwezi kuonyeshwa hivyo. Mtu asiyelielewa hujaza maana anayoidhani, na maana iliyo karibu ni ile ile ya kurekebisha. Mkopo huo basi ungebadilisha sauti ya kosa na kuliacha kosa lenyewe.

Yaweza pia kusemwa kwamba mafundi wa Kenya husoma kwa Kiingereza, na vitabu vya mashine vimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo mjadala huu hauna mlaji. Hoja hiyo humsahau muuguzi, mtunza ghala, na msafishaji anayeshika probu kila jioni. Tena humsahau mama mwenye haki ya kuelezwa kwa nini tarehe aliyopewa imebadilika. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi isiyoweza kuandika ripoti ya mashine ya hospitali ni rasmi kwa jina.

Hitimisho

Yaliyoelezwa hapa hayadai istilahi mpya hata moja. Kulinganisha, kuhakiki, kurekebisha, kutunza, kukagua, kutengeneza, kigezo na mwangwi ni maneno yaliyokwisha kuzoeleka. Kinachokosekana ni nidhamu ya kuyawekea mipaka na kuyalinda katika maandishi. Daftari likiandikwa kwamba "mashine imelinganishwa, haikurekebishwa, tofauti ni milimita 1", fundi wa mwaka ujao atajua alipoanzia mwenzake. Likiandikwa kwamba "mashine imerekebishwa", hatajua lolote. Kamati za istilahi zingefanya vyema kulichagua kila neno la tendo kwa kuuliza atakayelisoma atafanya nini kwa mkono wake, kabla ya kuuliza linafanana na neno gani la kigeni.