Askari na Mtunzi wa Utenzi: Sauti Iliyokosekana katika Ushairi wa Vita

Ushairi wa Kiswahili umevijua vita tangu zamani. Utendi wa Tambuka, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1728 na kuwekwa miongoni mwa tungo za kale kabisa zilizohifadhiwa katika lugha hii, ni utendi wa vita. Baada yake Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga juu ya Wadachi walivyotamalaki Mrima, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akatunga juu ya Maji Maji ya miaka ya 1905 hadi 1907, na Shaaban Robert akatunga Utenzi wa Vita vya Uhuru juu ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945. Kwa hazina kama hii, msomaji angetazamia kuwa hali ya askari imekwisha kuelezwa kwa ukamilifu: njaa yake, hofu yake, kungoja kwake, na utii wake kwa mtu asiyemchagua. Lakini hapo ndipo penye upungufu. Tenzi zinavijua vita. Askari hazimjui sana. Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza sababu ya upungufu huo na kuonyesha mahali sauti ya askari inakopatikana.

Sababu ya kwanza inayotolewa mara kwa mara ni ya fani. Husemwa kwamba utenzi, kwa mizani yake minane na kina cha mstari wa nne kinachoshikiliwa tangu mwanzo hadi mwisho, umeumbwa kwa ajili ya matukio yanayofuatana: jeshi liliondoka, likafika, likapigana, likashinda. Umbo la namna hiyo, husemwa, haliwezi kutua juu ya nafsi ya mtu mmoja. Hoja hii haisimami. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 umetungwa katika umbo hilo hilo, nao ni maneno ya mama mgonjwa kwa binti yake, ndani ya nyumba, bila jeshi wala bendera. Tena mama huyo alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siu, aliyepambana kwa miaka mingi na majeshi ya Sultani wa Unguja. Kama mizani minane iliweza kubeba siri za chumbani mwa mke wa mpiganaji, ingeweza pia kubeba siri za mpiganaji mwenyewe. Kosa si la bahari ya ushairi.

Sababu ya pili ina uzito zaidi, nayo ni jadi ya shujaa. Katika Tambuka mpiganaji ni mtu mwenye jina, mwenye nasaba, na mwenye hiari. Anakwenda vitani kwa kuwa imani yake inamtuma. Watunzi wa baadaye walirithi mfano huo. Lakini askari wa dola za kikoloni hakuwa mtu wa namna hiyo. Jeshi alilolikusanya Wissmann mwaka 1889 kwa kuvunja upinzani wa Abushiri bin Salim na Bwana Heri lilikuwa na Wasudani walioandikwa Misri na watu walioletwa kutoka Msumbiji, waliotumwa kupigana na Waafrika wenzao katika pwani ambayo wengi wao hawakuwa wameiona. Huyu si Jaafari wala si Ali. Ni mtu wa mshahara, mgeni kwa anaowapiga na mgeni kwa anayemwamuru. Hemedi alisimama upande wa watu wa pwani, na ilikuwa haki yake. Katika jadi aliyoirithi, hata hivyo, hapakuwa na kiti cha kumkalisha mpiganaji kama huyo. Angeweza kuwa adui tu.

Kwa Shaaban Robert tatizo linachukua sura nyingine. Yeye hakuwa askari bali karani, na kwa sehemu kubwa ya vita alikuwa mtumishi wa idara ya forodha katika Tanganyika. Utenzi wake, uliochapishwa mwaka 1967 baada ya kufa kwake, ni kazi ya mtu aliyevitazama vita kutoka mbali na kwa upana: mataifa yanagongana, dhuluma inainuka, haki inaijibu. Upana huo ndio ukubwa wa kazi hii, nao ndio gharama yake. Kwa macho ya namna hiyo dunia nzima huonekana, lakini mtu aliyezama katika tope la bonde la Kabaw wakati wa masika ya mwaka 1944, pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliyokuwa ikielekea mto Chindwin, huwa mdogo mno. Mwezi wa Februari mwaka huo meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa na wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki, ikazamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives tarehe 12, na watu karibu 1,300 wakafa kwa muda wa dakika chache. Kifo cha aina hii hakina ushujaa wa kusimuliwa. Aliyekufa hakupata hata nafasi ya kuonyesha kama alikuwa hodari au mwoga. Jadi ya shujaa haina la kusema hapo.

Iko sababu ya tatu ambayo wahakiki hawajaipima inavyostahili, nayo ni ya lugha. Askari wa Keya walitoka bara zaidi kuliko pwani, na wengi wao walijifunza Kiswahili kambini. Kiswahili hicho, kilichoitwa Kikeya, kilipunguza viambishi, kikachanganya ngeli, na kikajaa maneno ya amri. Wakati huo huo, tangu mwaka 1930, Kamati ya Lugha ilikuwa ikisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, na Kikeya kikawa mfano wa kuonyesha wanafunzi namna ya kutosema. Kwa hiyo mtunzi aliyetaka kumpa askari nafasi ya kusema alikuwa na njia mbili tu: amsemeshe kwa Kiswahili ambacho si chake, au amsemeshe kwa chake na kuwachekesha wasikilizaji. Njia zote mbili zinamwondoa askari. Usanifishaji ulileta faida nyingi, lakini hesabu yake haijakamilika mpaka itajwe na sauti iliyozimwa.

Sauti hiyo haikupotea yote. Wimbo wa safari wa Keya unaojulikana kama Funga Safari umeachiwa wanahistoria kwa muda mrefu, kana kwamba si fasihi. Muundo wake ni mwepisi: watu wanahimizana kuondoka, swali linaulizwa kuwa ni kwa amri ya nani, na jibu linatolewa kuwa ni kwa amri ya ofisa na ya Keya. Basi. Haisemwi safari inakwenda wapi, wala adui ni nani, wala ushindi utamfaa nani. Lakini katika mzunguko wa swali na jibu umo ukweli ambao maelfu ya beti hayakuugusa: kwamba askari ni mtu anayetembea kwa nia ya mtu mwingine, na kwamba analijua jambo hilo. Jibu likitosha, kwa nini swali linarudiwa? Kila duru ya wimbo ni utii, na kila duru ni kuuliza upya. Huwezi kumwadhibu askari kwa wimbo unaosifu amri. Wala huwezi kumzuia asisikie swali lililomo ndani yake.

Swali hilo lilipata jibu la pili baadaye, na kwa lugha nyingine. Waruhiu Itote, aliyekuwa koplo wa Keya huko Burma kabla ya kuwa Jenerali China wa Mau Mau, anasimulia katika kitabu chake cha mwaka 1967 jinsi askari Mwingereza alivyomwuliza sababu ya Mwafrika kupigania dola ya wengine. Wimbo uliuliza ni amri ya nani. Kitabu kinauliza ni faida ya nani. Hatua kutoka swali la kwanza hadi la pili ndiyo historia ya askari mzima wa kizazi hicho. Itote aliiandika kwa Kiingereza, kama Bildad Kaggia naye alivyofanya mwaka 1975. Lugha waliyoimbia askari siyo lugha waliyoandikia.

Huenda ikapingwa kwamba si haki kumdai mtunzi yale ambayo hakukusudia. Ni kweli, na makala haya hayapunguzi heshima ya Hemedi wala ya Shaaban Robert. Lawama, ikiwapo, inawahusu zaidi wasomi walioiweka mipaka ya fasihi, wakaingiza ndani kila utenzi na kuacha nje kila wimbo wa kambini. Jijini Nairobi ipo sanamu ya wapiganaji na wachukuzi wa vita vya kwanza, na maandishi yake, pamoja na ya Kiswahili, yanaahidi kwamba anayekufa kwa ajili ya nchi yake atakumbukwa jina na watoto wake. Haikutajwa humo jina la hata mmoja wao. Wengi wa waliopigana katika vita vya pili nao wamekwisha kufa, na nyimbo zao zimebaki kwa watoto na wajukuu waliozisikia. Kazi ya idara za lugha ni kuzikusanya kama zilivyoimbwa, bila kuzisahihisha sarufi. Kwa maana katika makosa hayo ya sarufi ndimo askari alimosema.