Neno Moja la Kifungu cha 197

Ukishuka na Hiace kutoka Sanya Juu hadi njia panda ya Boma Ng'ombe, kushoto kwako ni Moshi, kulia ni Arusha. Kila nikifika pale naikumbuka kesi iliyopita pande zote mbili. Novemba 2011 Mahakama Kuu, ikiketi Moshi, iliwahukumu Ally Rajabu na wenzake kunyongwa hadi kufa. Novemba 28, 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha ikasema adhabu ya kifo inayotolewa kwa lazima inavunja haki ya kuishi.

Naistahi kazi ya wanaharakati wanaoipinga adhabu hiyo, kwa ufundi wake. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinamfunga jaji: akishaona mtu ameua kwa kukusudia, atamke kifo. Ukimtoa mjamzito na mtoto, jaji hana ruhusa ya kupima nani alishika panga na nani alisimama mlangoni.

Mwaka 1994, Dodoma, Jaji James Mwalusanya aliupiga mzizi wenyewe. Katika kesi ya Mbushuu alitamka kwamba adhabu ya kifo ni kinyume cha Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikamtengua. Lakini isome hukumu ile ya rufani taratibu, kama wanavyoisoma wanaharakati. Majaji walikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha utu, ila wakaona ibara ya 30(2) ya Katiba inaiokoa. Mwenye haraka angefunga jalada akaenda zake. Wanaharakati waliona wameachiwa nusu ya hoja mkononi, wakaishika. Badala ya kung'ang'ana na mti mzima, wakageukia neno moja tu: lazima.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeibeba hoja ya kufuta adhabu hii miaka mingi. Wakili Jebra Kambole alilipeleka neno hilo Mahakama Kuu, likakataliwa mwaka 2019, miezi michache kabla ya Arusha kulikubali. Arusha iliamuru liondolewe ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita, kifungu hakikuguswa. Tangu 1994 hajanyongwa mtu Tanzania, lakini hukumu zimeendelea kutolewa, na wanaharakati wameendelea kuandika hati za maombi.

Ufundi huohuo niliuona kwenye matanga ya mtu aliyeuawa, huku kwetu. Msaidizi wa kisheria, mama wa makamo, alikaa kwenye mkeka na wafiwa tangu asubuhi, akimenya ndizi na wenzake, bila kutaja sheria. Jioni mzee wa nyumba akasema wote waliohusika wanyongwe. Mama hakubisha. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kwa upole:

"Meku, na yule kijana aliyewafungulia geti?"

Mzee akautazama moto.

"Yule alitumwa tu," akasema.