Mtikiso wa Kikombe Usiosikika

Kipindi kina dakika tisa. Kimetengenezwa na wanafunzi sita wa kidato cha tatu wa shule moja mjini Unguja, kwa simu mbili na kompyuta ya maktaba, na kinahusu kahawa inavyonywewa Zanzibar, Oman na Kagera. Nilikaa nao kwenye uhariri Jumamosi nne. Nakichambua hapa kwa sababu podikasti nyingi za shule zinazokusudia kufundisha tamaduni za dunia huishia kuwa insha iliyosomwa kwa sauti.

Rasimu yao ya kwanza nayo ilikuwa insha. Msomaji mmoja, dakika sita, hakuna mtu mwingine anayesikika. Tuliambiwa kwamba UNESCO iliingiza kahawa ya Kituruki katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2013, kisha ya Kiarabu mwaka 2015 kwa ombi la pamoja la Oman, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Qatar. Yote ni kweli. Lakini nilipomuuliza msomaji kwa nini mwenyeji wa Maskati hamjazii mgeni kikombe, alinyamaza. Hakuwa amemsikia Momani yeyote akizungumza.

Niliwapa mfano wa mbali. Redio ya umma ya Marekani, NPR, ilitangaza washindi wa kwanza wa shindano lake la podikasti za wanafunzi mwaka 2019. Kwa upande wa sekondari ya juu walishinda vijana wa Elizabethton, Tennessee, waliosimulia habari ya Mary, tembo wa sarakasi aliyenyongwa kwa winchi ya reli katika mji wa Erwin, mwaka 1916. Kisa hicho kimeandikwa mara nyingi. Wao walikwenda kwa watu wa Erwin wa leo, wakawauliza wanaishi vipi na aibu hiyo. Kuanzia kwa mtu unayeweza kumfikia ndiko kulikowafaa vijana wetu pia, na Unguja bahati hiyo ipo tele: wapo wengi Mji Mkongwe wenye ndugu Maskati. Mmoja wa wanafunzi alikuwa na shangazi huko, na Kiswahili chake ni kile kile cha mtaa wa Malindi, Unguja.

Swali la kwanza walilomtumia lilikuwa juu ya utamaduni wa Waomani kuhusu kahawa. Akajibu kwa sentensi mbili za kitabuni. Tukalibadili: mgeni akitosheka, shangazi, wewe unajuaje? Hapo alizungumza dakika nne bila kukatizwa. Alieleza fenjani, kikombe kidogo cha kahawa, inavyotiwa kidogo tu, maana ukiijaza ni kama unamwambia mgeni anywe aende zake. Na kwamba asiyetaka tena hasemi neno, hukitikisa kikombe anapokirudisha. Kuanzia siku hiyo wanafunzi walijigawia kazi ya kuandika maswali, si maelezo. Kwangu, hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote ya mitambo.

Mitambo nayo ina mambo yake. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa ili upite upesi, na sauti hutoka nyembamba. Shangazi akaombwa arekodi kwa kinasa sauti cha simu yenyewe, simu ikae shibiri moja kutoka mdomoni, kidogo pembeni ili herufi P na B zisipige, kisha atume kama faili. Tofauti ilisikika hata kwenye spika za simu. Sauti ya msimulizi ilirekodiwa chumbani penye magodoro, maana darasa lao lina kuta tupu na mwangwi.

Kazi ngumu ilikuwa Jaws Corner ya Mji Mkongwe, kwenye baraza la kahawa. Muuza kahawa hugonganisha vikombe, na mgongano huo ukiwa karibu na simu hupasua sauti, na ikishapasuka ni vigumu kuitengeneza. Walirudi nyuma hatua tatu, wakapata mlio safi. Kisha wakamhoji mzee mmoja wakati wa alasiri huku adhana ikiendelea. Nyumbani, kila walipotoa sentensi katikati ya mazungumzo, adhana iliruka nayo. Ni vigumu kwa programu kuuficha mruko huo, na msikilizaji wa Kiislamu huuhisi kabla hajajua umetokea wapi. Walirudi siku ya pili, wakasubiri adhana iishe, wakarekodi na dakika moja ya baraza tupu, bila swali, ya kufunikia viungo vya uhariri. Kijana aliyeshika simu siku ile hatahitaji kufundishwa tena kwamba mahali pana saa zake.

Sehemu ya Kagera ilitoka kwa mama mzazi wa mwalimu mmoja, kwa Kihaya. Huko kahawa hutafunwa: buni huchemshwa na majani ya kunukia, hukaushwa, hutolewa kwa mgeni kiganjani. Punje mbili za tunda moja ndizo walizotumia wazee kufunga undugu wa kuchanjia. Wanafunzi walitaka kuweka tafsiri tu, kwa hoja kwamba hakuna msikilizaji atakayeelewa Kihaya. Nilipinga. Tuliiacha sauti ya bibi huyo ikaenda peke yake kwa sekunde nne, tukaishusha chini ya tafsiri bila kuizima, tukaipandisha tena kwenye kicheko chake cha mwisho. Kicheko hakihitaji mkalimani. Ukimfuta bibi ukabaki na tafsiri, umerudi kwenye insha.

Kulikuwa na ubishi juu ya muziki. Mmoja alipakua kipande cha udi kutoka intaneti akakitandika chini ya sehemu ya Oman. Tukiacha suala la hakimiliki, kipande chenyewe hakikuhusiana na Oman. Kilimwambia msikilizaji "Uarabuni" kwa ujumla, kama bango la duka la utalii. Kilitolewa, na mlio wa dele, birika la kahawa, likiinuliwa ukakaa mahali pake.

Salamu pia zilikatwa kwanza. Shikamoo, marahaba, hali za watu wazima, watoto, mvua: sekunde thelathini na moja ambazo mhariri wao aliona ni za kupoteza. Lakini bila hizo, shangazi alisikika kama anahojiwa polisi. Walirudisha kumi na moja, na mara moja msikilizaji akajua nani ni mkubwa, nani ni mdogo, na kwamba wanapendana.

Likabaki tatizo la mtikiso wa kikombe, ambao ndio moyo wa kipindi na hauna sauti. Walijaribu kutikisa kikombe chenye kijiko, ikawa kengele. Walijaribu kueleza kwa maneno, ikawa hotuba. Mwishowe walimwomba shangazi arekodi kahawa ikimiminwa. Katika kipindi unaisikia ikimiminwa mara ya kwanza, kimya kifupi, mara ya pili, kimya kifupi, mara ya tatu. Kisha unangoja ya nne. Zinapita sekunde tatu, unasikia fenjani ikiwekwa juu ya sinia, na shangazi anasema karibu tena.