Ufundi wa Kusimulia Upya Chimbuko la Shujaa

Hadithi ya chimbuko hueleza jinsi mtu alivyopata kuwa shujaa: alikotoka, lililomfika, na sababu ya kuvaa vazi lake. Superman wa Jerry Siegel na Joe Shuster alitokea katika katuni za Marekani mwaka 1938, na Batman akafuata 1939. Katuni zao zimechapishwa miongo mingi, lakini wenyewe hawazeeki. Ndiyo maana kila baada ya muda huitwa mwandishi wa kuusimulia mwanzo upya, ili msomaji mgeni asilazimike kupitia mamia ya matoleo ya zamani.

Ugumu wake ni kwamba chimbuko la shujaa mmoja hubeba visa vya wengine. Mwanzoni kampuni ya DC, inayowachapisha Superman na Batman, ililikwepa tatizo hilo. Mwaka 1961, Gardner Fox na mchoraji Carmine Infantino waliwakutanisha shujaa Flash wa zamani, Jay Garrick, na Flash mpya, Barry Allen, wakieleza kwamba kila mmoja ana dunia yake. Dunia zikazaana. Mwaka 1985 Marv Wolfman na George Pérez wakaanza Crisis on Infinite Earths, mfululizo wa matoleo 12 uliozifanya kuwa moja.

Njia ilikuwa wazi kwa mianzo mipya. Katika The Man of Steel ya 1986, John Byrne alimwandika Superman ambaye hakuwahi kuwa Superboy ujanani. Kisa chenyewe kilinyooka, lakini Legion of Super-Heroes, kundi la vijana wa karne ya 30 waliomwiga Superboy huyo, likakosa shina. Ikabidi mwaka 1987 utungwe ulimwengu mdogo wa pembeni wenye Superboy wake. Wonder Woman wa Pérez naye aliingia kwa wanadamu kama mgeni kabisa, ilhali Donna Troy, aliyejulikana kwa jina la Wonder Girl, alikwisha kuwa shujaa wa miaka mingi. Mfuasi akawa amemtangulia kiongozi wake.

Batman: Year One, ya Frank Miller na David Mazzucchelli (1987), ilishika njia nyingine. Kifo cha wazazi wa Bruce Wayne hakikuguswa. Kilichoongezwa ni mwaka wa kujifunza kwa makosa, sambamba na Jim Gordon anayekabili rushwa ndani ya polisi wa Gotham. Kwa hiyo visa vingi vya baadaye vilisimama palepale. Kinyume chake, DC ilipoanza upya mwaka 2011 kwa majarida 52, Batman alipewa takriban miaka mitano tu ya kazi, na humo ikabidi waenee wasaidizi wake kadhaa walioitwa Robin.

Mifano hiyo yaonyesha kwamba kubuni jambo jipya si sehemu ngumu ya ufundi huu. Fundi hodari hukagua kwanza ni visa gani vinavyoegemea mwanzo wa zamani, ndipo akaamua abadili nini na nini akiache.