Hesabu ya kutoa

Yamaha MG10 ina namba 10 kwenye jina lake, ila matundu ya maiki ni manne tu. Hakuna udanganyifu hapo. Njia nne ni za maiki, na njia tatu zilizobaki ni za stirio, kila moja ikihesabiwa mara mbili kwa kuwa ina kushoto na kulia. Nne na sita, kumi. Lakini anayekwenda dukani kutafuta mitambo ya maulidi na harusi, na kichwani ana namba hiyo peke yake, huenda akarudi na chombo kisichomtosha.

Kikundi cha kasida cha mtaani kwetu hapa Tanga kiliponiomba nikitafutie mitambo itakayoenea kwenye bajaji moja, nilitaka kwanza tukae barazani na daftari. Tukaandika kila kitakachotoa sauti: wasomaji watatu, madufu, kinanda, na simu ya kupigia nyimbo wageni wanapokula. Maiki nne, kinanda njia moja ya stirio, simu njia nyingine. Hapo ndipo MG10 ilipoanza kuwa na maana, maana ina uzito wa takriban kilo 2 na bado inaacha njia moja ya stirio wazi. Maiki ya tano haina, kwa hiyo sheikh akiinuka kutoa nasaha hupewa maiki ya msomaji. Fedha zingeruhusu ningechukua miksa yenye maiki sita, na mwenye uwezo huo namshauri asisite.

Mjadala mrefu ulikuwa juu ya amplifaya. Kuna miksa zinazobeba amplifaya humo humo, ukazivutia waya spika za kawaida. Zinahitaji soketi moja tu, na kijijini, ambako umeme wote wa shughuli unatoka dirishani kwa jirani, faida hiyo si ndogo. Ila ni nzito, na ikiungua ndiyo basi, shughuli imekwisha. Tukachagua miksa tupu na spika mbili za inchi 12 zenye amplifaya ndani. Spika moja ikizima, nyingine itamaliza harusi.

Anayetaka kujua kwa nini matundu ya miksa hayafanani, afuate volti. Maiki kama Shure SM58, ambayo mafundi wengi wanaijua tangu ilipotoka mwaka 1966, hutoa chini kidogo ya milivolti 2 inapopigwa na sauti ya desibeli 94. Kiwango cha kitaalamu kinachotoka nyuma ya miksa ni volti 1.23. Kutoka pale hadi hapa ni kupandisha zaidi ya mara 600. Kisha amplifaya ikitaka kusukuma wati 100 kwenye spika ya omu 8, inabidi ifike volti 28. Kwa hiyo kuna ngazi tatu, na kila waya unaoushika mkononi una ngazi yake. Ukipeleka umeme wa ngazi ya pili kwenye tundu la ngazi ya kwanza, sauti inapasuka. Siku ya majaribio spika zetu mpya zilikwaruza hata kwa sauti ndogo, na vijana wakaanza kusema tumeuziwa mbovu. Nikazigeuza. Nyuma ya kila moja kuna swichi ndogo ya kuchagua maiki au laini, yaani ngazi ya kwanza au ya pili, na zote mbili zilikuwa zimekaa kwenye maiki. Nilizisogeza kwa ukucha, sauti ikasafika.

Huko kupandisha mara 600 kunafanywa na nobu ya kwanza kabisa juu ya kila njia, nobu ya geini, na hapo ndipo shughuli nyingi zinapoharibikia. Fundi anamwambia msomaji ajaribu maiki. Msomaji anasema “halo, halo, moja mbili” kwa sauti ya mtu anayeongea na simu. Fundi anaona taa hazipandi, anafungua geini. Usiku ukikolea, msomaji yule yule anafumba macho, anakunja mkono sikioni, anaachia pumzi yote, na taa nyekundu ya juu inawaka moja kwa moja. Sauti iliyopasukia kwenye geini haitengenezeki tena. Ukipunguza mbele yake unapata sauti ile ile iliyopasuka, ila ndogo. Mimi huwaomba wasome ule ubeti wao wa juu kabisa, wasimame watakavyosimama na maiki iwe mdomoni kama itakavyokuwa. Nobu ya chini naiweka kwenye alama yake ya kawaida, halafu nageuza geini polepole mpaka taa zizunguke sifuri na ile nyekundu imulike kwa nadra sana. Baada ya hapo naiacha. Kupandisha na kushusha kwa usiku mzima ni kazi ya nobu ya chini.

Kwenye njia za wasomaji nabonyeza pia kitufe cha kukata besi iliyo chini ya hezi 80. Sauti ya binadamu haipotezi kitu cha maana, ila mshindo wa miguu jukwaani na upepo wa baharini vinapungua. Na maiki isiyotumika naifunga. Kila maiki zilizo wazi zinapoongezeka mara mbili, unapoteza kama desibeli 3 kabla spika hazijaanza kupiga mluzi, na desibeli 3 ni nusu ya nguvu ya amplifaya yako.

Tuje kwenye waya wenyewe. Waya wa maiki, yaani wa XLR, una meno matatu: la kwanza ni la ngao, la pili na la tatu hubeba sauti. Ile sauti inapita kwenye nyaya mbili, moja ikiwa imegeuzwa, yaani wimbi likipanda huku linashuka kule. Njiani waya unapita kando ya ekstensheni ya umeme, ukaokota mvumo wa hezi 50 wa gridi yetu, na mvumo huo unaingia kwenye nyaya zote mbili kwa kipimo kile kile. Miksa ikipokea inachukua la pili na kutoa la tatu. Sauti, kwa kuwa ilikuwa imegeuzwa, inajumlika na kuwa mara mbili. Mvumo, kwa kuwa unalingana, unabaki sifuri. Ndiyo maana unaweza kuvuta waya wa maiki mita 20 uwanjani na usisikie kitu.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyoniadhiri kwenye harusi. Njia za stirio zilikuwa na kinanda na vingine vya mwenyeji, na mtu akanipa waya wenye jeki ndogo ya simu upande mmoja na XLR upande wa pili. Nikauchomeka kwenye tundu la maiki. Bi harusi akaingia, wimbo wake ukaanza, vinanda vikasikika, ngoma zikasikika, na mwimbaji hayupo. Ulibaki mwangwi wake tu. Shangazi yake bi harusi akanijia mbio: “Mwanangu, mbona anaimba kama yuko ndani ya kisima?” Nilipandisha sauti, nikaongeza mwangwi tu. Nilibadilisha wimbo, naye wa pili akatoweka vile vile.

Jeki ya simu inabeba kushoto kwenye ncha na kulia kwenye pete. Waya ule ulipeleka kushoto kwenye jino la pili na kulia kwenye jino la tatu. Miksa ikafanya kazi yake: ikatoa kulia kutoka kushoto. Studio karibu zote humweka mwimbaji katikati, kwa maana kwamba yuko sawa kushoto na kulia. Sawa ukitoa sawa ni sifuri. Miksa ilimfuta mwimbaji kama inavyofuta mvumo wa umeme, kwa kuwa haina njia ya kutofautisha. Vilivyobaki ni vile tu ambavyo havikulingana pande mbili: mwangwi, na vyombo vilivyowekwa pembeni.

Tena kulikuwa na hatari nyingine ambayo sikuiwazia usiku ule. Maiki yetu ya madufu ni ya kondensa, inadai volti 48 kutoka kwenye miksa. Kiwango hicho kina historia ya kupendeza: mwaka 1966 Neumann waliitengenezea redio ya taifa ya Norway maiki za kulishwa kwa njia hii, na 48 ilichaguliwa kwa kuwa studio za redio hiyo zilikuwa tayari na umeme huo wa taa za dharura. MG10 ina swichi moja ya volti 48 kwa maiki zote. Ukiiwasha kwa ajili ya dufu, umeiwasha pia kwa simu iliyochomekwa kwenye XLR. Maiki ya kawaida yenye waya mzima haidhuriki. Simu haikutengenezwa kupokea umeme kupitia tundu la kusikilizia, na ile ya kwetu ilinusurika kwa bahati.

Dawa ni waya wa bei ndogo: jeki ndogo ya simu upande mmoja, jeki kubwa mbili upande wa pili, kushoto kwenye tundu la 5 na kulia kwenye tundu la 6. Pale ambapo njia za stirio zimekwisha, tumia kisanduku cha DI chenye transfoma kinachopokea kushoto na kulia na kuviunganisha.

Kisanduku hicho kinaponya pia mvumo wa kompyuta inayochajiwa kwenye soketi ya mbali, pale ethi mbili zinapokutana kwenye miksa. Nimeona mafundi wakitibu mvumo huo kwa kukata waya wa ethi kwenye plagi. Jamani, msifanye hivyo. Ethi ndiyo inayomkinga msomaji ambaye midomo imegusa chuma cha maiki siku ambayo ndani ya chombo kuna waya uliochubuka. Leteni vyombo vyote kwenye ekstensheni moja, mvumo mara nyingi unakoma.

Sasa kila waya wetu una utepe wenye namba ya tundu lake. Kabla ya wageni kukaa napiga wimbo wowote kutoka kwenye simu na kusikiliza kitu kimoja tu: kama mwimbaji yupo.